Dar es Salaam hadi Nairobi: Kilomita 665 za angani, saa ngapi za safari?

KILA siku ndege hupaa Dar es Salaam kwenda Nairobi na nyingine kurudi, na tiketi zake huonyesha muda wa kati ya saa moja na robo na saa moja na nusu. Hata hivyo, ni nadra kumpata msafiri aliyetoka mlangoni kwake Kariakoo akafika katikati ya Nairobi kwa chini ya saa tano.

Tofauti hiyo kati ya muda wa tiketi na muda wa safari ndiyo inayowaponza wengi. Yupo anayekosa mkutano, anayekuta maziko yamekwisha, na mgonjwa anayepita siku yake ya kuonana na daktari bingwa, wote wakiwa wamepanga safari kwa kuhesabu muda wa ndege peke yake.

Umbali wenyewe hauna utata. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi ule wa Jomo Kenyatta, kwa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, ni takriban kilomita 665. Marubani, ambao hupima kwa maili za baharini, huzihesabu kama 359 hivi, kwa kuwa maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Katika maili za kawaida, zile za barabarani, ni 413.

Mstari huo unaelekea kaskazini, ukiegemea magharibi kidogo. Unaondoka Dar es Salaam ukiambaa na pwani karibu na Bagamoyo na Saadani, unakata Korogwe, unapita juu ya milima ya Usambara upande wa Lushoto, kisha juu ya mbuga ya Mkomazi. Unavuka mpaka karibu na Taveta na kuendelea juu ya Tsavo Magharibi hadi tambarare za Athi.

Kilele cha Kibo kinabaki upande wa magharibi wa mstari huo kwa umbali wa kilomita 30 hivi. Ndiyo maana abiria anayekwenda Nairobi akiketi dirishani upande wa kushoto, mawingu yakiwa yamefunguka, huuona Mlima Kilimanjaro kwa karibu kuliko wengi wanaoishi chini yake. Anayerudi Dar es Salaam aombe upande wa kulia.

Si kila ndege hufuata mstari huo hatua kwa hatua. Zipo njia maalum za anga, na waongozaji ndege huweza kuamuru mzunguko kwa sababu ya hali ya hewa au foleni ya ndege zinazosubiri kutua. Lakini kwa umbali mfupi kama huu, nyongeza ni ya kilomita makumi machache tu.

Muda wa angani

Ndege ya jeti ikishafika juu hukimbia kwa mwendo wa kilomita 800 hadi 850 kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 840, kilomita 665 zingemalizika kwa dakika 48. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini hakuna ndege inayoifikia, kwa kuwa ndege haianzi safari ikiwa tayari na kasi hiyo.

Kupanda hadi kwenye kimo cha safari huchukua kama dakika 20, na kushuka huchukua muda unaokaribiana na huo. Katika safari ya Dar es Salaam na Nairobi, kipande cha katikati ambacho ndege huruka kwa kasi yake kamili ni kifupi mno. Wahudumu hawajamaliza kukusanya vikombe, rubani ameshatangaza kuanza kushuka. Kwa ujumla ndege ya jeti hukaa hewani kati ya dakika 55 na 65.

Ndege za pangaboi, kama zile za ATR zinazotumika sana katika safari za ndani na za jirani, huenda kwa kilomita 500 hivi kwa saa. Kwa hizo, muda wa hewani hufikia saa moja na nusu.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni kitu kingine tena. Huo huanza kuhesabiwa pale ndege inapoanza kusogea kutoka maegeshoni, na huishia pale inapotia breki maegeshoni katika uwanja wa pili. Ndani yake mna dakika za kutambaa hadi njia ya kurukia, dakika za kusubiri ruhusa ya mnara, na dakika chache ambazo mashirika huongeza kwa makusudi ili kujiwekea akiba. Ndiyo sababu ndege huweza kuchelewa kuondoka kwa dakika kumi na bado ikafika kwa wakati.

Ni kawaida kusikia kwamba kwenda na kurudi hutofautiana kwa sababu ya upepo. Katika safari hii tofauti hiyo ni ndogo, kwani karibu na Ikweta hakuna ile mikondo mikali ya upepo wa juu inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki katika maeneo ya mbali na Ikweta. Mfano mzuri wa upepo huo ni safari ya moja kwa moja ya Nairobi na New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018: kwenda huchukua kama saa 15, kurudi kama saa 14, ingawa umbali ni uleule.

Jambo linaloutofautisha zaidi uwanja wa Nairobi na wa Dar es Salaam ni mwinuko. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Ule wa Julius Nyerere haufiki hata mita 60. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, hivyo mabawa na injini hupata nguvu kidogo, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu unaozidi mita 4,000, wakati ile kuu ya Dar es Salaam ni ya mita 3,000. Kwa ndege inayokwenda Dar es Salaam ikiwa na mafuta machache hilo halina madhara, lakini kwa ile inayokwenda mabara ya mbali huweza kulazimu kupunguza mzigo.

Nyanda hizo za juu pia huleta ukungu wa alfajiri. Ukizidi, ndege huzungushwa hewani kusubiri au hupelekwa kutua Mombasa, na hapo muda ulioandikwa kwenye tiketi unakuwa hauna maana tena.

Saa ya tiketi na saa ya ukutani

Dar es Salaam na Nairobi hutumia saa moja, ile ya Afrika Mashariki, ambayo iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Hakuna kurudisha wala kusogeza mshale. Anayekwenda Kigali au Bujumbura hana bahati hiyo: tiketi yake ya kwenda huonekana kama safari ni fupi kwa saa nzima, na ya kurudi kama ni ndefu, kwa kuwa huko saa iko nyuma kwa moja.

Kinachowakwaza wasafiri wa lugha ya Kiswahili ni jinsi saa inavyotajwa. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, ilhali Mswahili huanza kuhesabu saa zake alfajiri na jioni. Tiketi ikisema 07:00 ni saa moja asubuhi. 13:00 ni saa saba mchana. 19:00 ni saa moja jioni. Na 01:00 ni saa saba usiku, wala si saa moja. Kosa la kusoma 01:00 kuwa saa moja asubuhi humfikisha mtu uwanjani saa kadhaa baada ya ndege yake kuondoka.

Tarehe nayo ina mtego wake. Tiketi iliyoandikwa 00:30 ya tarehe 12 maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Msafiri huyo anapaswa kutoka nyumbani jioni ya tarehe 11. Anayesubiri hadi tarehe 12 usiku atakuta kiti chake kilishakwenda na kurudi.

Ajabu ni kwamba hesabu ya kale ya watu wa pwani ingemsaidia. Kwa hesabu hiyo siku mpya huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Wazee waliosema hivyo wasingepotezwa na tiketi ya saa sita na nusu usiku. Wanaopotea ni wajukuu zao wanaotumia simu.

Kwenda na kurudi siku moja

Swali linaloulizwa sana na wafanyabiashara na watumishi wa mashirika ni kama mtu anaweza kwenda Nairobi na kurudi siku hiyohiyo. Anaweza, lakini hesabu yake inafaa kufanywa kwa makini.

Chukua mfano wa mkazi wa Bunju mwenye ndege ya saa 1:00 asubuhi. Kwa safari za nje ya nchi, abiria hushauriwa kufika saa mbili hadi tatu kabla, na kaunta za kupokea abiria kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Ili awe uwanjani saa 10:00 alfajiri, atoke nyumbani saa 9:00 usiku. Hapo hana foleni ya magari, jambo ambalo mwenye ndege ya saa 4:00 asubuhi hawezi kujivunia.

Ndege itafika Nairobi saa 2:20. Kushuka, kupita uhamiaji, na kutoka nje huchukua dakika 40 au zaidi, kutegemeana na ndege ngapi zimetua kwa pamoja. Saa 3:00 atakuwa anatafuta teksi. Kabla ya mwaka 2022, Barabara ya Mombasa asubuhi ilikuwa jaribio la subira. Tangu kufunguliwa kwa barabara ya juu ya kulipia ya Nairobi mwaka huo, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, aliye tayari kulipa huweza kufika mjini kwa muda mfupi. Asiyelipa hubaki chini na wenzake. Tuseme atafika kwenye mkutano wake saa 4:00 asubuhi.

Tangu kitandani hadi mezani zimepita saa saba. Kati ya hizo, ndege iliruka kwa kasi yake kamili kwa chini ya nusu saa.

Kama ndege yake ya kurudi ni saa 12:00 jioni, atalazimika kuondoka mjini saa 9:00 alasiri, kwa kuwa jioni foleni huanza mapema. Amebaki na saa tano za kufanya kilichompeleka. Atatua Dar es Salaam saa 1:20 usiku, atatoka nje saa 2:00, na kama Barabara ya Nyerere na ile ya Bagamoyo zimemhurumia, atabisha hodi nyumbani saa 3:30 usiku. Siku yake imekuwa ya saa kumi na nane na nusu.

Kwa raia wa Tanzania na Kenya, visa si kikwazo katika safari hii, na hilo huokoa muda mwingi. Lakini hati ya kusafiria lazima iwe hai, na anayeingia Tanzania kutoka Kenya huweza kuulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wapo walioisahau kadi hiyo nyumbani na kuyatumia mapumziko yao ya uwanjani kubishana na afisa wa afya.

Kubeba begi dogo tu na kuingia nalo ndani ya ndege hupunguza nusu saa kila upande. Ni njia pekee ya kufupisha safari hii ambayo iko mikononi mwa abiria mwenyewe.

Barabara

Kwa barabara, Dar es Salaam na Nairobi zimeachana kwa takriban kilomita 900, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha na Namanga. Barabara inaizidi njia ya anga kwa zaidi ya theluthi moja, kwa sababu kwanza huenda magharibi hadi Chalinze, na baadaye huzunguka Mlima Kilimanjaro kwa upande wa kusini.

Basi linalotii mwendo wa juu wa kilomita 80 kwa saa lingehitaji zaidi ya saa 11 bila kusimama popote. Kwa kuongeza vijiji vya kupita kwa kilomita 50 kwa saa, chakula, mizani na mpaka, msafiri hukaa garini kuanzia alfajiri hadi usiku. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa Desemba 2018 na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli, kimepunguza usumbufu: abiria hugongewa mihuri ya nchi zote mbili katika jengo moja badala ya kupanga foleni mara mbili.

Njia ya kati ni kupanda ndege hadi Uwanja wa Kilimanjaro na kumalizia kwa gari kupitia Namanga. Huwafaa zaidi wenye shughuli Arusha. Kwa mwenye haraka ya Nairobi haiokoi kitu.

Umbali uleule, miaka tofauti

Safari za ratiba za ndege kati ya Nairobi na miji ya pwani zilianza katika miaka ya 1930 na kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929. Januari 1946 likaanza kazi Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide. Ndege hizo zilikwenda kwa kilomita 210 hivi kwa saa. Hata kama zingeruka moja kwa moja, kilomita 665 zingezichukua zaidi ya saa tatu.

Shirika hilo lilipopata ndege za jeti, muda wa angani ulishuka hadi karibu saa moja. Tangu wakati huo haujapungua tena. Ndege za leo hutumia mafuta kidogo na zina kelele kidogo, lakini mwendo wake ni uleule wa nusu karne iliyopita.

Kilichobadilika ni mambo ya ardhini. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisambaratika kwa ugomvi wa madeni na michango. Kenya iliunda Kenya Airways Januari mwaka huo, na Tanzania ikaunda Air Tanzania Machi. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya yenyewe ikavunjika katikati ya mwaka. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, marais Julius Nyerere, Daniel arap Moi na Milton Obote walipokutana Arusha na kukubaliana juu ya mgawanyo wa mali na madeni. Kwa miaka sita na ushee, miji miwili iliyoachana kwa saa moja ya ndege ilikuwa mbali kuliko London.

Agosti 2020, wakati wa janga la korona, Kenya ilifungua anga yake na kutangaza orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini. Tanzania haikuwamo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilifuta kibali cha Kenya Airways, na baadaye mwezi huo ikafuta vya kampuni nyingine tatu za Kenya. Zuio liliondolewa katikati ya Septemba, baada ya Kenya kuiingiza Tanzania katika orodha.

Mvutano wa tatu ulihusu mizigo. Air Tanzania ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767 mwaka 2023, na Tanzania ikaiomba Kenya iruhusu ndege hiyo kubeba shehena kati ya Nairobi na nchi ya tatu. Haki ya namna hiyo, ya shirika la nchi moja kuchukua biashara kati ya nchi nyingine mbili, huitwa uhuru wa tano wa anga. Kenya ilikataa. Januari 15, 2024 Mamlaka ya Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia Januari 22 Kenya Airways isingeruhusiwa kuleta wala kuchukua abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam.

Waliokuwa na tiketi za wiki ile walianza kuulizia mabasi. Mawaziri na wakuu wa mamlaka za pande zote mbili walizungumza, na kesho yake, Januari 16, Kenya ikakubali kutoa kibali cha ndege ya mizigo na Tanzania ikaondoa tangazo lake. Katazo halikufika siku ya kutekelezwa, na abiria wa Januari 22 walisafiri kwa tiketi zao zilezile.